Filimbi Juani

Baada ya misa ya Kilatini, jirani yetu mpiga filimbi alikuwa haongei na mtu mpaka aikaushe filimbi yake ya mpingo. Alipitisha kitambaa ndani kwa kijiti cha mwanzi, akageuza, akarudia, kisha akailaza kivulini. Jua la Ifakara hupasua hata mpini wa jembe. Jumapili moja mkewe, Emerensiana, aliona bado ina unyevu, akaianika pamoja na mpunga. Nilimkuta jirani ameinama juu ya jamvi. "Shikamoo, baba." Hakuitika. Kidole gumba kilikuwa kinatafuta ufa, taratibu, toka mdomo wa filimbi hadi mwisho. Akaipuliza. Sauti ikatoka nzima, kuku wakatawanyika. Akaketi hapo hapo kwenye mpunga. "Marahaba, binti yangu," akasema.