Spika Tulizonunua Baada ya Ng'ombe Kuvunja Ua

Siku yangu ya kwanza kazini nilibeba nyaya tu. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, na mtu akiniuliza jambo nilijibu nikiangalia chini. Fundi Mkuu, mzee kutoka Machakos aliyekuwa akikodisha vyombo vya sauti hapa Kitengela, alinipa mzigo wa nyaya akasema, "Lemayian, waya haina maswali. Anza na hiyo."

Wakati huo amplifaya ilikuwa sanduku peke yake, zito kama jiwe la machimboni. Siku hizi amplifaya iko ndani ya spika: unachomeka umeme na maikrofoni, basi. Lakini kuchagua bado ni kazi.

Mwaka juzi tulipeleka sabwufa mbili kubwa, zile spika za besi, kwa sherehe ya boma moja nje ya mji wa Kajiado. Muziki ulipoanza, ardhi ilitetemeka. Ng'ombe walivunja ua wa miiba wakatawanyika, na vijana wakaacha nyama wakawafuata. Mzee wa boma alipoanza kubariki, jenereta ilikuwa inakohoa kwa mzigo wa besi, na sauti haikufika kwa akina mama jikoni. Kwetu Wamaasai baraka ikisemwa, watu wote hujibu "Nai". Siku hiyo walijibu waliokaa mbele tu.

"Mmeniletea ngurumo bila mvua," mzee akamwambia Fundi Mkuu.

"Pole, mzee. Tutarudi na vyombo vizuri."

"Mkirudi, itabidi niwaambie ng'ombe mapema."

Mwaka huu mgongo wa Fundi ulikataa. "Mimi sasa napumzika," akaniambia. "Yule mzee wa boma anamwoza binti yake, na ametupa nafasi moja tu. Nenda uchague spika. Ukikosea, upande huo hatutaitwa tena."

Dukani, muuzaji alifungulia besi mpaka vioo vikalia. "Soma wati kwenye boksi, kijana."

Fundi alikuwa amenifunza kwamba namba hiyo kubwa ni nguvu ya kufumba na kufumbua. Unauliza ile ambayo spika inabeba mchana kutwa. Nikauliza, kisha nikaomba azime muziki anipe maikrofoni.

"Kwani wewe ni MC?"

"Hapana."

Nikasema kwa Kimaa, "Mungu awape mvua." Sauti ilitoka kama mtu aliyejifunika blanketi. Tukajaribu spika zingine. Hizo nazo zilipiga kelele tu. Kwa zile za tatu nikarudia, na askari wa duka la ng'ambo ya barabara, bila kugeuka, akajibu, "Nai."

"Mungu awape watoto."

"Nai."

Nikachukua hizo mbili, na sabwufa moja ndogo ambayo watu wawili wanaweza kuinua kwenye pikapu, na ambayo ina swichi yake.

Harusini Fundi Mkuu alikaa kama mgeni, sahani ya nyama magotini. Mzee alipobariki, "Nai" ilitoka hata jikoni, na Fundi akaacha kutafuna ili asikilize. Kisha mzee akanijia, akagonga sabwufa kwa fimbo.

"Na hii inafanya nini?"

"Ni ya besi, mzee. Nimeizima."

Akatazama zizi, akanitazama mimi.

"Iwashe. Ng'ombe nimeshawaambia."