Mpodo Uliokaa Penye Ufuo

Mpodo, mti wa milimani, niliutoa kwetu Taita, mche usiozidi urefu wa kidole, ndani ya mkebe wa samli, mwaka aliofariki mama yangu. Yeye ndiye aliyeuotesha. Nikaupanda uani kwa wakwe zangu, Kibokoni, kwenye pembe ambayo jua haliifikii kwa urefu wa kuta. Wifi yangu akacheka: "Mti wa Krismasi huo! Watuletea kanisa ndani?" Nilikuwa nimesilimu kabla ya kuolewa. Pengine alikuwa akinitania tu.

Mti mwingine ungenyong'onyea pale kivulini. Mpodo ulitulia, ukapanda polepole, majani membamba ya kijani kizito yasiyopukutika mwaka mzima. Ulipofika kifuani kwangu, mama mkwe akaugua.

Akatuita kitandani. "Ule mti ung'olewe."

Mume wangu akamuuliza una kosa gani.

"Uani kote mmetia saruji. Pamebaki pale tu pa kuchimbwa ufuo. Au maji ya kuoshea maiti yangu mtayamwaga jikoni?"

"Mama, siku hizi watu huoshwa msikitini."

"Kaoshwe wewe huko. Mimi nitaoshwa kwangu." Akanigeukia. "Nawe mwana wa watu, usilie. Mamako ashazikwa. Sasa zamu yangu."

Nikiandika haya najiuliza kama namwonea. Mimi sikusoma sana, huenda sielezi sawasawa. Nyumba ni yake, kifo ni chake, na ni kweli udongo ulikuwa pale tu. Hata nilipomrai niuhamishie kwenye pipa, alikubali. Ila alitaka kuona. Wakamtoa kwa kiti.

Nilichimba mwenyewe. Mzizi mkubwa ulikuwa umepita chini ya ukuta.

"Vuta!" akasema. "Hata kuvuta hujui, kama kupika?"

Nikavuta. Ukakatika, mti ukanibaki mkononi.

"Basi chimbeni na ufuo kabisa, niuone."

Wifi akasema hicho ni kisirani, ufuo hauchimbiwi mtu hai. Hakusikilizwa.

Mama mkwe akapona. Nashukuru, nadhani nashukuru. Mume wangu alipotaka kulifukia shimo, mama yake alikataa: "Ya nini? Si mtachimba tena?" Sasa kila asubuhi hukaa kando ya shimo hilo, nami nampelekea kahawa nikilizunguka.

"Angalia usitumbukie, mwana wa watu," huniambia. "Hilo si lako."