Magoti ya Mbuke

Mbuke, mke wa mwanangu Paulo, ana miaka sitini na moja, na mimi nilimdhania dharau. Naanzia hapo hapo, maana nikianza na sifa zake mtaniona mwema.

Tulitoka naye Shinyanga na ng'ombe wetu, yeye bi harusi wa juzijuzi, tukahamia huku Usangu. Marehemu mume wangu Masanja alipopooza, ni Mbuke aliyempikia na kumfulia mashuka miaka miwili. Na kila asubuhi aliniletea uji nyumbani kwangu, ng'ambo ya mfereji wa mpunga, akipiga magoti mlangoni: "Mwangaluka, mayu." Ndivyo Msukuma mwenye adabu anavyomwamkia mama mkwe. Miaka arobaini, mvua ama jua, hakuruka siku.

Baada ya mavuno ya mwaka jana uji ukaanza kuletwa na Roza, binti yake mkubwa. Siku ya kwanza nikaunywa. Wiki ikaisha.

"Mama yako yuko wapi?"

"Yupo, bibi. Ana kazi."

Kazi gani ya kumzidi mama mkwe? Mimi nina mdomo, Rujewa nzima inajua. Nikarudisha chupa ya uji ikiwa imejaa. Nikamwita Paulo nikamwambia, mkeo ameota mapembe. Asipokuja kuniamkia mwenyewe kabla ya Jumapili, nafungasha vitu vyangu nakwenda kwa mdogo wako Iringa, pale Kihesa, na hapa sirudi. Paulo akainamisha kichwa tu. Maskini, mkewe alikuwa amemkataza kusema.

Jumamosi sikungoja. Nikachukua fimbo yangu, nikavuka daraja la mfereji, maneno nimeshayapanga mdomoni. Mbele ya nyumba hapakuwa na mtu. Nikazunguka nyuma, jikoni.

Mbuke alikuwa peke yake, ameshika kinu kwa mikono miwili, anajishusha. Goti moja likagusa chini, akauma upindo wa kanga asipige kelele. La pili likakataa. Akapumzika kidogo, akajaribu tena, jasho linamtoka. Nilisimama pale nikaelewa taratibu. Mtu mzima yule alikuwa anajifunza upya kupiga magoti, kwa sababu ya kitisho changu cha Jumapili.

Aliponiona akataka kunyanyuka, asiweze. Mimi nina miaka themanini na nne, nitamnyanyua kwa nguvu ipi? Nikaketi chini, kwenye pumba za mpunga zilizomwagika pale kinuni, ubavuni kwake.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Mwaka wa pili sasa, mayu."

"Na umenyamaza."

"Ningesemaje? Wewe unakwenda kanisani kwa miguu yako. Uzee ni wako, mayu. Mimi nianze kulalamika uzee mbele yako?"

Nililia, sioni haya kusema. Halafu ikaja shida nyingine: kuinuka hatuwezi, wote wawili. Tulikaa pale tukicheka na kufuta kamasi mpaka Roza aliporudi kutoka mashine ya kukoboa, akatuvuta mmoja mmoja.

Hospitali walisema magoti yamesagika. Ni ugonjwa wa umri, hauponi kabisa ila unatulizwa: apunguze uzito, afanye mazoezi waliyomwonyesha, ameze dawa maumivu yakizidi, na asipige magoti tena. Daktari alipotamka hilo la mwisho, Mbuke alinitazama mimi, siyo daktari.

"Si umesikia?" nikamwambia. "Basi."

Sasa uji analeta mwenyewe, polepole, na fimbo yake. Anasimama wima mlangoni, ananiamkia, nami naitika. Kila asubuhi nikiisikia fimbo hiyo darajani namshukuru Mungu, maana ninao wazee wenzangu ambao wakwe zao wana magoti mazima na hawaji hata kuwachungulia. Mimi nilitaka kumkimbia wa kwangu.

Wiki iliyopita Bertha, mwenzangu wa jumuiya, alikuwa kwangu wakati Mbuke anaingia. Akamtazama juu mpaka chini, akaguna.

"Kumbe siku hizi wanatuamkia wamesimama?"

"Bertha," nikamwambia, "magoti ya huyu yamesagikia hapa, kwenye sakafu yangu. Mpishe kiti akae."