Ndege Tuliyemwita Mwewe

Wiki jana nilikuwa kwa binti yangu, karibu na Adams Arcade, hapa Nairobi. Mjukuu akanivuta hadi dirishani. "Shosho, cheki, mwewe." Juu ya waya wa stima alikuwa ametua ndege mdogo mweupe, mabega meusi. Nilimtambua mara moja.

Mwenzangu, sisi wa upande wa Dagoretti miaka ile ya hamsini, ndege yeyote mwenye mdomo uliopinda alikuwa mwewe, basi. Huyu wetu alikaa kwenye mti mkavu mwisho wa shamba la nyanya yangu, mama wa mama, mkia ukipanda na kushuka. Hakumzidi njiwa sana. Macho yalikuwa mekundu, kama ya mtu aliyepuliza kuni mbichi. Akiwinda alisimama hewani, mabawa yakipigapiga pahali pamoja, miguu ikining'inia, kisha akajiachilia nyasini. Nilikuwa namtazama mpaka uji wangu unaganda.

Kazi yangu ilikuwa kuchunga vifaranga. Siku moja nikatoroka kwenda kuruka kamba na wasichana wenzangu, na niliporudi wawili hawapo. Labda ni nguchiro, sijui. Nyanya alipouliza, nikajibu bila haya, "Ni mwewe. Nimemwona."

Jirani yetu, fundi seremala kutoka Maragoli, alisikia. Alikuwa mtu mwema, hakupenda kumwona nyanya akihangaika. Akachukua manati, jiwe moja tu, ndege akaanguka kwenye mahindi.

"Mama, huyo hatakusumbua tena."

Nyanya akampasua tumbo kwa kisu cha jikoni, akitafuta vifaranga wake. Akatoa manyoya ya panya na mkia wake, basi.

Akanigeukia taratibu. "Ulimwona kwa macho yako?"

Nikasema ndiyo. Hapo ndipo ninapojichukia hadi leo.

Msimu ule panya waliingia ghalani wakala hata mbegu. Kila asubuhi nyanya alipepeta mahindi yaliyotafunwa, mimi nimemshikia gunia, harufu ya mkojo wa panya ikitupanda puani. Hakulalamika. Aliongea habari za mvua, za kanisa, za mbuzi wa jirani.

Shamba lile sasa ni magorofa, na nyasi zimebaki kando ya mtaro tu. Nyanya hakuniuliza mara ya tatu. Mimi nilikuwa nangoja aulize, naye, nadhani, alikuwa anangoja niseme. Alifariki tukiwa bado tunangojana.