Nilimwambia Daktari Kwamba Ni Malaria

Aliyekosea ni mimi. Si mama, si daktari. Nimenyamaza miaka mingi na nimechoka. Wacha niseme yote, halafu unihukumu unavyotaka.

Nilikuwa na ndugu mmoja tu, kitindamimba wetu. Nitamwita Karanja. Baba alikufa tukiwa wadogo, nikasaidiana na mama kumlea huko kwetu Mutuini. Nilipopata kazi ya ukarani katika ofisi ya serikali mjini, neno langu likawa ndilo la mwisho nyumbani.

Karanja alikuwa na rafiki, Musyoka, aliyekaa Parklands na mama yake, fundi wa nguo. Hao wawili hawangekosa maandamano! Siku moja wakakamatwa Kenyatta Avenue wakiimba, wakatupwa selo. Nilijua waliko. Sikwenda hata kuwaona. Bosi wangu alikuwa ametuambia sote kwamba karani mwenye wachochezi nyumbani kwake atafute kazi kwingine.

Waliachiliwa bila kesi yoyote. Karanja alifika nyumbani ameshika tumbo.

"Wamekufanya nini?"

"Walitupiga mateke, sista. Halafu leo, kabla ya kutufungulia, ghafla wakawa wazuri. Wakatuletea chai, mimi na Musyoka peke yetu. Ilikuwa chungu, lakini wakasema hatutoki kama hatujamaliza."

"Usimwambie mtu hayo maneno," nikasema. "Hata mama."

Ee Mungu! Sikumuuliza anaumwa wapi. Hilo la kunyamaza ndilo lililonitoka kwanza.

Kesho yake alitapika hadi akashindwa kusimama. Nikampeleka zahanati. Daktari, kijana mpole, alipomminya tumbo, Karanja akapiga mayowe.

"Huyu amepigwa?" daktari akauliza. "Ama kuna kitu amekunywa?"

Nikafikiria polisi. Nikafikiria bosi. "Hapana, daktari. Ni malaria. Ametoka Mombasa juzi."

Karanja hakuwahi kufika Mombasa maishani mwake! Akaniangalia. Angeweza kusema. Lakini alizoea kunitii tangu utotoni, akageuza uso ukutani. Tukarudi nyumbani na dawa za malaria.

Alikufa Jumapili, mama akiwa kanisani, mimi nimemshika. Aliniuliza kama Musyoka amepona. Nikamwambia ndiyo, na sikujua kwamba Musyoka alikuwa tayari mochari.

Kabla ya mazishi, mama yake Musyoka alikuja Mutuini na wakili.

"Pole, Mama Karanja," akamwambia mama. "Wangu pia ameenda. Wananiambia ati alikuwa na vidonda vya tumbo. Mimi sikubali. Wakili anasema mmoja ni rahisi kukanusha. Lakini wote wawili wapimwe na daktari wetu, wakutwe na kitu kimoja, hao watu watajibu nini?"

Mama akanigeukia. "Wewe ndiye umesoma. Tufanye nini?"

Hapo ndipo ningeokoa jambo! Nikasema, "Wetu alikuwa na malaria. Mnataka mama yangu aone mtoto wake akikatwakatwa?"

Yule mama hakubishana. Alikaza leso yake, akaondoka. Tukamzika Karanja harakaharaka, hapo nyuma ya zizi la ng'ombe.

Kesi ya mama Musyoka ilifika mahakamani hata hivyo. Mama yangu alienda kuketi naye, amshike mkono. Mimi nilisema nina kazi nyingi. Upande wa polisi ukamwita yule daktari wa zahanati, naye akaeleza alichoambiwa: malaria, na dada mtu ndiye aliyesema kijana ametoka Mombasa. Basi! Vifo viwili havikufanana tena, kesi ikafia hapo.

Mama alirudi jioni, hata kibeti hakuweka chini.

"Karanja alienda Mombasa lini?"

Nikamwambia kila kitu. Sikuacha hata ile chai. Hakulia, hakunitukana. Alisema tu, "Nikifa, usije kunizika."

Angali hai. Nikienda nyumbani ananipakulia chakula, ananiwekea mezani, kisha anatoka nje hadi nimalize. Uchungu wake, wacha tu!

Nilienda Parklands kuomba msamaha. Mama Musyoka hakusimamisha cherehani. "Mimi unaniambia ya nini?" akasema. "Mimi nilijua. Kamwambie hakimu."

Nilifika hadi lango la mahakama. Nikageuka, nikarudi ofisini. Ndiyo, nimerudia kosa lile lile, na hata hapa nimeficha jina langu. Pengine yalikuwa mateke, pengine ilikuwa chai. Angepona kama ningesema ukweli? Swali hilo huniamsha, nalo hulala nami.

Sasa wewe mwenye ndugu, mwenye mtoto. Akitoka selo, usimwambie anyamaze! Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, umwache amweleze daktari kwa kinywa chake. Akikufia, usikubali azikwe kabla hajapimwa na mtu mnayemwamini, hata kama mama analia, hata kama bosi anakutazama. Na mzazi mwenzenu akija kubisha mlangoni na msiba kama wenu, tafadhali, mfungulie mlango, umsikilize.