Viatu vya Mama na Mwizi wa Insha

Ujinga wangu ni kwamba siku ya wazazi, pale shuleni Ruiru, nilisimama nikampigia mwalimu kelele: "Huyo si mama yako, ni mama yangu!"

Insha ilikuwa yangu! Niliandika jinsi mama alivyobeba viatu vipya kichwani mpaka Thika ili visichakae, akavivaa mlangoni pa kanisa, cha kushoto mguu wa kulia, akaingia akitembea kama bata. Mwalimu alinichapa, eti namdharau mzazi. Siku hiyo ya wazazi mwizi huyo akaisimulia kama ya mama yake, na wazazi wakacheka mpaka machozi! Hata mama yangu alicheka.

Njiani hakucheka tena. Akaniambia, "Wewe kijana, watu walikuwa wanamcheka mama ya mwalimu. Ni wewe umewaambia ni mimi."