Kijani na Rangi ya Maziwa

Fundi mmoja wa rangi watu walimwita Mama Rola. Alianza kupaka rangi nyumba za watu akiwa na mimba ya mwanawe wa kwanza, na sasa alikuwa na wajukuu. Jambo moja hakulikubali hata umbembeleze vipi: kuchagua rangi kwenye kadi ya dukani. Wenye nyumba wakivutana, yeye hupaka rangi zote mbili ukutani, wakae nazo siku tatu, ndipo waamue.

Safari hii wenye nyumba walikuwa mwalimu mstaafu na mkewe aliyekuwa muuguzi. Mzee alitaka chumba cha kulala kiwe rangi ya maziwa. Mkewe aling'ang'ania kijani kilichokolea.

"Miaka thelathini nimezungukwa na kuta nyeupe," bibi alisema. "Hata kulala nilale wodini?"

"Na mimi nilale kichakani?" mzee akajibu.

Kushoto kwa mlango, penye swichi ya taa, Mama Rola alipaka rangi ya maziwa. Kulia, penye swichi ya feni, akapaka kijani.

Siku ya tatu alirudi. Mzee alimtangulia chumbani, akaanza kupapasa ukuta wa kushoto akitafuta swichi ya taa. Akapapasa juu, akapapasa chini. Alipochoka akageuka kulia, akawasha feni kwa mguso mmoja.

"Mwalimu," Mama Rola alisema kwa upole, "hiyo swichi nyeupe huioni hapo?"

Mzee alishusha mkono. "Kwenye kijani naiona. Huku naona ukungu tu. Usimwambie mama."

"Mama yuko nyuma yako, baba."

Bibi alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Kwanza machozi yalimlengalenga, kisha yakamjia maneno. "Nimewauguza watu wa mji mzima, wewe wa ndani unanificha? Vaa viatu."

Hospitalini ikaonekana ni mtoto wa jicho. Wakati mzee anafanyiwa upasuaji, Mama Rola alimaliza chumba kizima kwa kijani.

Wiki chache baadaye mzee alimwita. Mama Rola alidhani anakwenda kushukuriwa. Shukrani zilikuwepo, na chai pia, lakini kwanza mzee alimpeleka chumbani, akanyoosha kidole juu ya dirisha.

"Pale umeruka, mwanangu. Na pale. Na kwenye kona ile."

Mama Rola akakaza macho. Kweli alikuwa ameruka, rangi haikufika. Akaenda kuchukua ngazi huku akicheka peke yake.